Kijerumani cha jioni pale Mbuyuni: nilifuata B1, nikakutana na Angelika Gerlach

Wenye haraka mnaouliza kama darasa hili linafaa, niwajibu kwanza. Kama wakala ameshakuahidi nafasi ya kazi Ujerumani na unachotafuta ni cheti cha B1, yaani ngazi ya kati ya lugha, chapuchapu, darasa hili litakuchosha roho. Moshi hii wapo wanaofundisha mtihani, swali kwa swali, na watu wanafaulu. Lakini kama unajua kabisa kwamba unakwenda kuishi na Wajerumani, kupokezana nao zamu na kukaa nao chumba kimoja cha mapumziko, basi panda ngazi hizo, lipa ada, na uvumilie viti.

Viti nivimalize hapa hapa. Darasa liko ghorofa ya pili kwenye jengo moja upande wa soko la Mbuyuni, juu ya maduka ya vitenge na fundi cherehani. Bango hakuna, kuna karatasi imebandikwa mlangoni. Ufunguo wa choo unakaa kwa fundi wa chini, na lazima umsalimie vizuri ndiyo akupe. Viti ni vya plastiki, vile vinavyokodishwa kwenye misiba, na viwili vimepasuka mguu. Wazoefu wanavijua, mgeni ndiye huvikalia. Ada ni shilingi 150,000 kwa mwezi, vipindi vitatu kwa wiki kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni. Kopi za notsi zimo ndani ya ada, kitabu unanunua mwenyewe. Unaruhusiwa kulipa mara mbili, na risiti unapewa bila kuidai, jambo ambalo kwa mji huu si dogo.

Mimi ni nesi. Darasani kwetu nusu ni manesi na wanafunzi wa uuguzi wanaojiandaa na Ujerumani. Waliobaki ni vijana wanaoongoza watalii mlimani, dada mmoja mwenye mchumba Stuttgart, na mama mmoja mjane ambaye wajukuu zake wako Hamburg. Kiswahili hawakijui, na yeye Kiingereza hakipendi, kwa hiyo ameamua kuwafuata kwenye lugha yao. Huyo mama ndiye bora kuliko sisi wote, ila nitamfikia.

Mwalimu ni mzee wa Kibosho aliyekwenda kusoma Leipzig enzi za Ujerumani Mashariki na kurudi kabla Ukuta wa Berlin haujaanguka. Mbele yake tunamwita Mwalimu. Akitoka nje vijana wanamwita Meku, yaani mzee, naye anajua. Matamshi yake ni ya huko huko Leipzig: b na p kwake ni mapacha, hata mama yao angewachanganya. Mwenzetu aliyetangulia München anasema walimcheka kidogo wodini, lakini walimwelewa. Jirekebishe kwa kusikiliza rekodi nyumbani, kwa sababu spika ya darasani ni ndogo na kelele za sokoni jioni zinaimeza.

Kinacholitenga darasa hili na mengine kinaanza ukifika A2, ngazi moja chini ya B1. Hapo mwalimu anakiweka kitabu pembeni, kile cha watu wanaonunua mikate na kuulizana saa maisha yao yote, anachukua maisha ya mtu mmoja wa kweli na kuyagawanya kwa wiki, kila wiki na sarufi yake. Sisi tulipewa Silke Maier-Witt. Niliposikia ni mwanachama wa zamani wa RAF, lile kundi la mrengo wa kushoto lililoshika silaha Ujerumani Magharibi kuanzia 1970 na kuua watu zaidi ya 30 kabla ya kutangaza mwaka 1998 kwamba limejivunja, nilijua mzee anatuletea siasa za ujana wake. Nilitaka kudai hela yangu.

"Nusu yenu manesi," alisema. "Nimewatafutia nesi."

Wiki ya kwanza ni wakati uliopita. Mtoto anazaliwa 1950, miaka mitano baada ya vita. Baba yake alikuwa SS, kikosi cha chama cha Hitler. Mwalimu alitueleza kwamba kizazi kile kilikulia kwenye nyumba zenye swali moja lisilogusika: baba, wakati ule ulikuwa wapi, na ulikuwa unafanya nini? Halafu tarehe 2 Juni 1967, Berlin Magharibi, mwanafunzi Benno Ohnesorg anapigwa risasi na polisi kwenye maandamano ya kumpinga Shah wa Iran, na vijana wengi wanahitimisha kwamba dola ni ile ile, imebadili nguo tu. Mwaka 2009 ikaja kujulikana kuwa polisi yule, Karl-Heinz Kurras, alikuwa akiwafanyia kazi Stasi, polisi wa siri wa Mashariki. Hilo mwalimu alilipita mbio mbio, na nina neno nalo huko mbele.

Zoezi lenyewe: kaeni wawili wawili, mmoja baba, mmoja mtoto, mtoto aulize lile swali. Darasa likapoa. Vitenzi tulikuwa navyo, adabu ndiyo iliyotukwamisha. Huku kwetu nani amkalie baba aliyemzaa na kumhoji ulikuwa unafanya nini? Kijana mmoja wa Machame alimhoji baba yake mwanzo hadi mwisho kwa "Sie", ile "wewe" ya heshima, kama anaongea na meneja wa benki, na mwalimu hakumsahihisha.

Mwaka 1977 ulichukua wiki mbili. Ndio mwaka Maier-Witt aliojiunga na RAF. Aprili waliuawa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali, Siegfried Buback, na watu wawili waliokuwa naye garini. Julai 30 akauawa mkuu wa benki Jürgen Ponto, nyumbani kwake, na aliyewapitisha wauaji mlangoni ni Susanne Albrecht, binti wa familia rafiki. Septemba 5, mjini Köln, wakamteka Hanns Martin Schleyer, kiongozi wa waajiri, wakidai wenzao walioko gerezani Stammheim waachiwe. Maier-Witt alishiriki kwenye maandalizi ya utekaji huo. Oktoba ndege ya Lufthansa iliyoitwa Landshut ikatekwa na watu wanne wa kundi la Kipalestina wenye dai hilo hilo, rubani wake akauawa Aden, na ikaishia Mogadishu, ambako makomando wa Ujerumani waliwaokoa abiria usiku wa kuamkia tarehe 18. Asubuhi hiyo viongozi watatu wa RAF walikutwa Stammheim, wawili wamekufa na mmoja akiwa mahututi, naye hakupona. Kesho yake mwili wa Schleyer ulikutwa kwenye buti la gari huko Mulhouse, Ufaransa.

Mwalimu alikuwa ametundika ramani ya Afrika Mashariki badala ya ile ya Ujerumani. Akagusa Mogadishu, kisha akashuka hadi Entebbe: mwaka mmoja kabla, Juni 1976, kati ya walioteka ile ndege ya Air France iliyopelekwa kwa Idi Amin walikuwamo Wajerumani wawili wa kundi jingine la kushoto, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann. Yeye alikuwa shuleni bado, habari waliisikia redioni. Kusema kweli mimi Entebbe nilikuwa nikijua ni ya Amin na Waisraeli basi. Wajerumani sikuwahi kusikia wamo.

Ubishi ulianzishwa na kijana wa mlimani. Schleyer naye alikuwa ofisa wa SS enzi za Hitler. Mwalimu hakulificha hilo. Kijana akasema, kwa Kijerumani kilichovunjika lakini kinachoeleweka, kwamba basi hao vijana walikuwa wanamalizia kazi ambayo mahakama ziliiacha. Ndipo yule mama mjane akaweka kalamu chini. Marehemu mumewe alikuwa askari polisi. Akauliza, kwa Kiswahili, maana hasira haina sarufi: "Na wale waliokuwa naye garini, baba, wao walimkosea nani?"

Siku ya kutekwa Schleyer waliuawa watu wanne palepale barabarani. Mwalimu aliyaandika majina ubaoni, polepole, kwa chaki: Heinz Marcisz, dereva. Reinhold Brändle, Helmut Ulmer, Roland Pieler, polisi. Pieler alikuwa na miaka 20. Tukaambiwa tuyajue kwa kichwa. Kwenye jaribio la mwisho wa mwezi yalikuwemo, alama nne, na mtu aliyekosea herufi alinyimwa alama yake. Kijana wa mlimani alipata zote nne.

Sasa hapa ndipo pa kulipia hela.

Kuanzia mwaka 1980 waliochoka na bunduki ndani ya RAF walitafutiwa pa kwenda, na Stasi wakawapokea. Jumla yao walikuwa kumi, waliishi Ujerumani Mashariki kwa majina ya bandia, na kazi, na majirani. Maier-Witt akawa Angelika Gerlach, akafanya kazi ya uuguzi mjini Erfurt. Kazi ya nyumbani: andika wasifu wa kuombea kazi wa Angelika Gerlach, kwa mpangilio ule ule hospitali za Ujerumani zinaoutaka leo, tarehe mwezi kwa mwezi, pasipo pengo.

Dada zangu mnaojaza fomu mnajua hapo. Mimi nimewahi kuhojiwa kwa pengo la miezi michache niliyokuwa nauguza mama. Huyu pengo lake ni maisha yote. Nikamtungia shule, nikamtungia wazazi nikawaua mapema wasije wakaulizwa, nikamtungia mji wa mbali. Karatasi ilirudi imejaa wino mwekundu, na kila mahali swali moja: nani atathibitisha? Shule ina wanafunzi waliosoma naye. Wazazi wana makaburi. Mji una lafudhi yake, na mtu aliyekulia Magharibi akifungua mdomo Erfurt wanasikia.

Kisha tukaigiza. Mimi Angelika, mwenzangu nesi wa zamu. Ni usiku, wagonjwa wamelala, tunakunywa chai. Anayefanya kazi wodini anajua saa nane ya usiku inavyofungua watu: mtu anakwambia madeni yake, mimba yake, shemeji yake, halafu asubuhi mnasalimiana kama hakuna kitu. Mwenzangu aliuliza maswali ya kawaida kabisa. Ulisoma wapi? Mdogo wako anaitwa nani? Mbona Krismasi huendi kwenu? La kwanza nilijibu, la pili nikasitasita, la tatu nikabaki kimya, na si kwa sababu ya msamiati. Nilikuwa nawaza miaka ya zamu za usiku ambayo mtu anampenda mwenzake wa kazi na hamwambii hata kitu kimoja cha kweli.

Katikati ya miaka ya 1980 picha yake ya kutafutwa ilimfikisha pabaya: mtu aliyemfahamu Erfurt alimtambua, na habari zikafika Magharibi. Stasi wakamhamisha, wakampa jina la tatu, Sylvia Beyer, wakampeleka Neubrandenburg, na pua yake ikafanyiwa upasuaji. Mwalimu akasema haya, wasifu mpya. Darasa zima liliguna.

Ukuta ukaanguka Novemba 1989, na Juni 1990 wote kumi wakakamatwa, mmoja baada ya mwingine. Maier-Witt alisema anachokijua, kwa kuwa sheria mpya ilimpunguzia adhabu anayetoa ushahidi, na mwaka 1991 akahukumiwa miaka kumi. Alitoka 1995, akarudi kwenye saikolojia, akasomea usuluhishi, akaenda kufanya kazi ya amani Kosovo kuanzia 2000, kisha akahamia Skopje. Mwaka 2017, miaka 40 baada ya mauaji, alikutana huko na Jörg Schleyer, mtoto wa yule waliyemteka, akamwomba msamaha ana kwa ana. Sehemu hii mwalimu aliifundisha vizuri mno kwa kutosema lolote. Alitupa habari, akatupa sarufi ya kuomba radhi, akakaa.

Kipindi nilichokipenda kuliko vyote, hata hivyo, kilimhusu yule Susanne Albrecht wa mlangoni. Alihukumiwa miaka 12, akaachiwa 1996, akawa anafundisha Kijerumani watoto wa wahamiaji huko Bremen. Mwaka 2007 wanasiasa wa CDU, chama cha wahafidhina, wakalibeba hilo kwenye kampeni za uchaguzi. Mwalimu aligeuza darasa kuwa kikao cha wazazi: mwanao yuko darasani kwake, unasemaje? Alitupa na jambo la pili la kupimia. Tangu amri ya mwaka 1972 dhidi ya wenye siasa kali, watu takriban milioni 3.5 walichunguzwa Ujerumani Magharibi, na zaidi ya elfu moja walinyimwa ajira ya serikali, wengi wakiwa walimu, baadhi kwa kosa la kadi ya chama tu. Bunduki hawakuwahi kuishika.

Kikao kilikuwa moto. Dada wa Stuttgart akasema amelipa kifungo chake, mwacheni. Nesi mmoja akasema kifungo kinalipwa kwa serikali, familia ya Ponto hajailipa. Mimi nilipiga kura ya kumbakisha, na bado nina msimamo huo: mtoto wa mhamiaji anahitaji mtu atakayemfundisha lugha, na huyu alijua kukaa mahali bila kuwa na kwao. Mama mjane aliinuka mwisho, akasema kwa Kijerumani safi kuliko chetu sote kwamba mjukuu wake angemwachia, lakini kikao cha wazazi asingehudhuria, asije akalazimika kumpa mkono. Hakuna aliyejibu. Wengine wa RAF tuliwagusa juu juu tu: Inge Viett, aliyefariki 2022 bila kuukana mkondo wake, na Daniela Klette, aliyekamatwa Berlin Februari 2024 baada ya zaidi ya miaka 30 ya kujificha, akiwa jirani wa kawaida anayecheza capoeira, ule mchezo wa mapigano wa Brazil.

Sasa lawama, maana sijalipwa kuandika haya.

Mzee anaipenda mno Leipzig yake. Serikali iliyowapa watu kumi nyumba na majina mapya ndiyo iliyokuwa ikiwafunga raia wake wenyewe kwa kujaribu kuvuka mpaka, na wengine waliuawa pale Ukutani. Hilo halikupata hata nusu saa. Nilimuuliza, akasema tutalifikia. Hatukulifikia. Mtu anayekwenda kufanya kazi Dresden au Magdeburg atakuta wenzake waliokulia chini ya Stasi, na darasa hili litakuwa halijamwandaa kukaa nao.

La pili ni la kwetu. Kijana wa Machame aliuliza kuhusu Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi Machi 1900, ambaye kichwa chake inaaminika kilichukuliwa, na familia inakitafuta mpaka leo. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyotendwa enzi za ukoloni. Kijana alitaka tupime: Maier-Witt alimfuata mtoto wa marehemu akamtazama usoni baada ya miaka 40, sisi tumengoja zaidi ya 120. Lilikuwa swali bora la awamu nzima. Mwalimu alisema muda umekwisha, na kweli ulikuwa umekwisha, lakini kipindi kilichofuata akaanza na viunganishi.

La tatu ni mtihani wenyewe. Hapa hufanyiwi maandalizi ya maana ya sehemu ya kusikiliza wala ya kuandika kwa saa, na mtihani wa Goethe, taasisi ya Kijerumani inayotoa cheti, utaufuata Dar. Mimi nimejinunulia majaribio ya zamani na tunakutana watatu Jumamosi kujipima. Kuongea, lakini, sina wasiwasi nako. Mtu aliyedanganya kwa dakika kumi kwa wakati uliopita atashindwa nini kueleza wikiendi yake?

Wenye zamu za usiku msiogope. Ukimtumia mwalimu ratiba yako mapema kwenye kundi la WhatsApp, anakufidia Jumamosi asubuhi bila malipo, na notsi za sauti anatuma mwenyewe, ndefu, na jogoo wake ndani. Wadada, kipindi kikiisha shukeni pamoja; ngazi haina taa, na bodaboda wa kona ile wanapandisha bei wakikuona peke yako. Mimi nampa nyota nne. Ya tano ataipata siku akinunua spika.

Awamu mpya ya A2 inaanza baada ya sikukuu, na nimesikia safari hii anawapa Astrid Proll, naye wa RAF, aliyekimbilia London, akaishi kwa jina jingine na kufundisha vijana ufundi wa magari mpaka alipokamatwa 1978. Kwa hiyo mafundi wa gereji mnaofikiria Ujerumani, jiandikisheni. Chukueni viti vya upande wa dirishani.